Magoti ya Morolake

Morolake, fundi cherehani wa mji wa Ogbomoso, alikuwa amekwisha kugawa karibu kila alichokuwa nacho. Cherehani kubwa alimpa mpwa wake, mbuzi akawapa wanakwaya, na sufuria la kusongea amala, ule ugali wa viazi vikuu, ambalo majirani wawili walilitolea macho tangu zamani, akaliacha uani waligombanie wenyewe. Yeye na wenzake wa kanisani walikuwa wanahamia Niger kwa utume, waishi huko miaka nenda rudi, na kazi yake ingekuwa kuwafundisha kina mama kushona. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa magoti yake.

Mwanamke wa Kiyoruba akikutana na mtu aliyemzidi umri, hupiga magoti. Wala hafikirii, kama mtu asivyofikiria kupiga chafya. Lakini Zang, mwalimu wa timu yao ya utume, mtu wa mji wa Jos aliyekaa Niger hadi akaota mvi, aliwaonya mapema kwamba kule wanakokwenda binadamu hapigiwi magoti.

"Anayepigiwa ni Mungu peke yake," alisema. "Ukimpigia mzee wa pale, umemtia aibu mbele ya watu wake. Atakukwepa, na sisi wengine atatukwepa vilevile. Asiyeweza kusalimia, abaki nyumbani."

Morolake alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ene, muuguzi wa timu, alijifunga taulo kichwani akajifanya mzee wa Niger, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Morolake akaingia, na kabla hajafungua mdomo alikuwa yuko chini.

"Umeanguka tena, dada," alisema Ene.

"Sijaanguka. Nimesalimia."

"Haya, mzee ameshakimbia. Na wagonjwa wangu wamekimbia naye. Inuka."

Siku iliyofuata Ene alimfunga magoti kwa kitenge ili yasikunjike. Yalikunjika hivyo hivyo, na Morolake akaenda chini mzimamzima kama gunia la mihogo. Walicheka hadi uji ukaungua. Ila yeye alicheka kwa mdomo tu, maana moyoni alikuwa na hofu. Safari hii aliitamani tangu alipokuwa msichana, na sasa angerudishwa nyumbani na viungo vyake mwenyewe.

Basi akaamua kufanya mazoezi kwa kila mtu. Mkono kifuani, mgongo wima, macho chini. Alimsalimia hivyo bibi muuza samaki, akamsalimia hivyo hata mke wa mchungaji. Soko zima likamsema.

"Mmemwona Morolake?" alisema bibi wa samaki. "Pasipoti imempanda kichwani. Hata Niger hajafika."

Siku ya kupimwa, Zang alimleta rafiki yake Mzee Alhassane, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Niger, mwenye kilemba na ndevu za kuheshimika. Morolake alihisi magoti yakianza kulegea. Akaweka mkono kifuani, akabaki wima, akamuuliza mzee hali yake, ya nyumba yake na ya mifugo yake. Mzee akajibu kwa furaha, naye akauliza habari za nyumba ya Morolake, wakaulizana hivyo kwa muda mrefu. Zang alitikisa kichwa mara moja kukubali, na kwa mtu kama Zang hiyo ilikuwa sherehe.

Morolake alitoka pale akikimbia hadi kwa mama yake, Mama Abeke, aliyekuwa barazani akimenya viazi vikuu. Furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni. Akasimama mbele yake, mkono kifuani, mgongo wima.

"Habari za hapa, Mama? Mwili unasemaje?"

Kisu cha mama kilisimama. Tangu ajue kutembea, Morolake hakuwahi kumsalimia mama yake akiwa amesimama. Alipong'amua alichofanya, machozi yalimtoka hapo hapo.

"Kumbe umeshaondoka," alisema mama taratibu. "Mie nilikuwa nangoja uondoke Jumamosi."

Morolake akajitupa chini kwa magoti yote mawili. "Mama, nisamehe. Nimesahau niko wapi."

"Nikusamehe nini? Wa kusamehewa ni mimi." Mama aliweka kisu kando. "Ulivyokuwa unashindwa huko, nani unadhani alikuwa anakushindisha? Mimi kila siku namwambia Mungu, magoti ya huyu mtoto ni yangu, usiyaachie yanyooke."

"Mama!"

"Ndiyo hivyo. Na leo naona amenikatalia." Akaanza kucheka, na mabega yake yakacheka naye, hata Morolake akashindwa kujizuia, akacheka huku kamasi zikimtoka, kisha akamsimulia habari za Mzee Alhassane na mifugo yake.

Mama aliweka kichwani mwa binti yake mkono wenye utelezi wa viazi, akambariki: akaitaja safari, akazitaja nguo atakazoshona, akawataja hata ng'ombe wa Mzee Alhassane. Baraka ikafika mwisho. Mkono haukuondoka, na Morolake hakuinuka.