Folda ya Marehemu Kaka

Tulipoanua matanga ya kaka yangu kule Mungaa, wazee waligawa vitu vyake, na kompyuta ikawa fungu langu, kwa kuwa ukoo mzima ni sisi wawili tu tuliosomea mambo hayo. Mama alitoa sharti moja. Hakutaka jina la marehemu liitwe ovyo kila asubuhi, hata na mashine. Penye wazee haliharibiki neno, basi niliporudi Singida Mjini folda iliyobeba jina lake nikaipa jina langu.

Kumbe nimejitafutia balaa. Ndani ya kompyuta ile kaka alikuwa amejenga mfumo wa kuwatumia wakulima wa alizeti bei za soko kwa simu. Aliugawa katika programu ndogondogo, kila moja kwenye kontena lake, yaani kisanduku cha ndani ya kompyuta kinachoitenga na nyingine, na zote pamoja zikawa klasta: unadhani ni mashine nyingi zinasaidiana, kumbe ni hiyo moja juu ya meza. Mavuno yalikaribia, na nilikuwa nimeapa kaburini kwamba kazi yake haitakufa naye.

Klasta ikagoma. Kila nikiiwasha iliandika kwamba folda ya mipangilio, kwa jina la kaka, haina kitu. Nikaangalia, nikaikuta kweli, tupu, wakati jina lile nililiondoa kwa mkono wangu. Nikaifuta. Nikawasha tena, ikarudi. Mimi mizimu siiamini, na hasira zangu ziko karibu, nikaifuta kwa matusi. Ikarudi. Ilikuwa mchana kweupe, bodaboda zinapiga honi nje, lakini mwili ulinisisimka, nikaogopa kukaa peke yangu.

Mama alipokuja mjini nilimweleza yote. Alinisikiliza huku akichambua mlenda, kisha akauliza, "Hiyo mashine, mliiambia kwamba amefariki?"

Nikasema hapana.

"Basi itamtafuta tu, mwanangu. Hakuna aliyeipelekea taarifa ya msiba."

Nilitaka kucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye faili la kuwashia klasta kulikuwa na mstari ambao kaka aliuandika, unaoliagiza kontena likachukue mipangilio kwenye folda yake. Lilipoikosa, lilikuwa linaitengeneza upya, tupu.

Nikaifuta tena ile folda tupu, kisha kwenye mstari ule nikafuta jina lake herufi moja moja, nikaandika langu. Klasta ikawaka yote. Muda si mrefu simu ya mama ikalia, ujumbe wa bei ya alizeti umeingia. Akamshukuru Mungu, akaendelea na mlenda wake.

Mimi nikafungua pale ilipokuwa ikitokea ile folda. Haikuwepo. Nikazima mashine, nikawasha, nikaangalia tena. Nilikuwa nataka irudi. Uchungu ulionishika hapo sikuupata hata siku ya kuzika, kwa maana sasa hapakuwa na kitu chochote duniani kilichokuwa bado kinamtafuta.