Robe ya Komunio Haijachanjwa

Hapana, tantine, sikusema robe yako ni kuku. Nilisema tu robe na kuku biko na muzazi moja ndani ya kompyuta.

Tantine, mudogo wa mama, anashona robe, zile nguo nyeupe za batoto za komunio, hapa mu kambi ya Nakivale. Hakucheka. "Nimeishona wiki nzima," akasema, "na we unaipatia jogoo awe baba yake."

Nikamuelezea tena. Kuandika kila kitu upya kunachosha, kwa hiyo mu saiti yetu ya soko nilitengeneza modeli muzazi, nikaiita Bidhaa, nikaipa bei na picha. Kuku akazaliwa pale, robe ikazaliwa pale, kila mutoto akarithi vyote bila mimi kuandika tena. Mwalimu wetu wa kompyuta, wa Mbarara, alisema kwa muzazi tuweke tu vitu batoto bote banatumia, lakini yeye akisema, mimi nilikuwa nimeshafika mbele.

Shida, wa kwanza kuuza alikuwa mama, na mama anauza kuku. Kwa hiyo kwa muzazi niliweka pia umri na chanjo. Robe ikarithi. Saiti ikakataa kuipokea mpaka ijibu. Tantine hadanganyi: akaandika wiki moja, haijachanjwa.

Leo mama mumoja wa Ruharo, kule Mbarara, anatafuta robe ya mutoto yake, akaiona kwa saiti, akapiga simu. Akauliza kwa upole kama ile nguo imetoka kwa mugonjwa. Tantine akamujibu hapana, iko muzima, ni chanjo tu haijapata. Yule mama akakata.

Sasa tantine hataki maelezo. Komunio ni Jumapili, na kiisha pale nani atanunua robe nyeupe ya mutoto?

"Futa hiyo chanjo," akasema.

Nikamuambia nikiifuta kwa muzazi, kuku za mama zote zinapoteza chanjo yao. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Akainua kichwa.

"Jaribu," akasema.

Dawa ni kuishusha chanjo kutoka kwa muzazi, ikae kwa kuku peke yake, na majibu ya zamani niyahamishe bila kupoteza hata moja. Hiyo inataka mutu mupole, asiye na haraka, na mupole si mimi. Jumapili haingoji. Kesho asubuhi, mbele ya kugusa kompyuta, ninapanda gari ya Mbarara na robe mu mikono, nifike Ruharo, nipige ile namba yake, yule mama aiguse mwenyewe.