Arvid na Mkanda wa Mtini

Kaka yangu Arvid Lahti aliwaogopa mbwa mwitu kuliko alivyomwogopa Mungu. Tangu tusikie wamerudi kwenye misitu yetu ya kaskazini mwa Michigan, hata kufuata barua kwenye kisanduku cha barabarani alienda na bunduki begani. Barua zenyewe matangazo ya magodoro.

Siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, wanaume wote wakiwa wamevaa rangi ya chungwa na shule zimefungwa, mkewe, shemeji yangu Darlene, alimfuata mlangoni na mkanda wa kujifungia mtini.

"Vaa, Arvid. Lile jukwaa la kuvizia kulungu kule juu ya mti alilipigilia marehemu baba yako."

"Na mpaka leo halijaanguka."

"Jukwaa halijaanguka. Baba yako je?"

"Aliteleza tu! Nikifungwa kama mbuzi, mbwa mwitu akija nitageukaje?"

"Atakujia na ngazi?"

Arvid aliubusu mkanda kwa dhihaka, akautundika kwenye msumari, akaondoka.

Giza lilipoingia hajarudi, mimi na Darlene tulimfuata kwa tochi. Tulimkuta chali chini ya mti, theluji imeshaanza kumfunika, bunduki kaikumbatia kama mtoto.

"Mbwa mwitu?" nikapiga kelele.

"Ubao," akasema. "Umekatika. Darlene, miguu yangu iko wapi?"

Ilikuwepo. Darlene alikuwa ameishika yote miwili, na Arvid hana habari.

Hospitalini muuguzi alitupia jicho lile koti la rangi ya chungwa. "Wa mtini? Mpelekeni kule kwa wenzake." Nilichungulia wodini: vitanda vimejaa, wanaume wazima wamefungwa plasta kama vile vita vimepita.

"Na walioliwa na mbwa mwitu mnawalaza wapi?" nikauliza.

"Walioliwa na nini?"

Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Daktari alisema hatatembea tena, na Darlene akamwomba arudie, kana kwamba mara ya pili jibu lingekuwa jingine.

Rafiki zake walikuja kumpa pole. Wakazunguka kitanda, wakashusha sauti: nyayo zimeonekana nyuma ya kanisa, kubwa kama sahani!

"Tokeni!" Darlene aliwarushia mto. "Tokeni mkanunue mikanda, wajinga nyie!"

Walitoka mbio. Kwenye ujia, mmoja wao akaniinamia, macho yamejaa huruma.

"Maskini shemeji yako, mshtuko umempanda kichwani. Mikanda itamsaidia nini mbwa mwitu akija?"