Mjukuu wangu alileta sinema ya tuzo Kinoo, watu wakaanza kutoka, nikachukua maiki

Wakuu, na wale wadogo wanaojiita wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni shosho wa Kinoo. Shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo nasoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Neno moja, napumzika, neno lingine.

Hii naandika mwenyewe na kidole kimoja. Yote yalitokea na mashahidi ni wengi, wengine ni kwaya ya kanisa, wakiniona nimeongeza chumvi wataniumbua hapa hapa.

Nina mjukuu anaitwa Wairimu. Hilo ni jina langu. Kwetu msichana wa kwanza wa kijana wako anabeba jina lako, kwa hivyo huyo si mjukuu tu, ni mimi nimerudi na magoti mazuri.

Baba yake, mwanangu Njoroge, humwita "Mama" kwa sababu ya hilo jina. Sasa fikiria unataka kugombeza mtoto wako na lazima uanze na "Mama". Njoroge ameteseka na sisi wawili.

Njoroge ana duka la hardware River Road. Misumari, kufuli, mabomba, rangi. Wairimu alisimama pale kaunta tangu amalize college, na alisimama kama mtu anayengojea gari la kwenda mahali kwingine.

Yeye roho yake iko kwa sinema. Na si hizi zetu za mateke. Ni zile zilishinda tuzo huko ng'ambo, watu wanaangalia wakiwa wamevaa suti.

Mwaka huu akamwambia baba yake anataka kutoka dukani. Afungue sinema ya mtaa, kila Jumamosi mchana, hapa Kinoo, watu wa kawaida waone filamu kubwa za dunia.

Njoroge alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mama," akamwambia, "onyesha mara moja. Watu wakikaa mpaka mwisho, enda na baraka zangu. Wakitoka, Jumatatu unarudi kwa misumari na hiyo stori imeisha."

"Tumekubali," nikasema. Nilikuwa kwa kile kiti cha wateja nakunywa chai.

"Mama, sijaongea na wewe."

"Umesema Mama."

Basi hivyo nikaingia kwa hiyo maneno. Na niwaambie ukweli, niliogopa. Mtoto akianguka, Kinoo yote itasema Wairimu ameshindwa, na Wairimu wanayemjua ni mimi.

Nikaona heri nijue hizo sinema zenyewe kwanza.

Wairimu anakaa Muthangari, amekodisha SQ, kile chumba cha mfanyakazi, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mhindi wa umri wangu, mama mpole, anapanda dhania kwa ndoo. Nikawa naenda huko Jumapili baada ya kanisa. Wairimu anafunga pazia, ananipa blanketi, ananiambia, "Shosho, leo usiongee."

Usiongee. Mimi.

Wakuu, ya kwanza haikuwa hata na rangi. Mzee anakarabati paa. Anapanda ngazi, anashuka, anapanda. Hakuna muziki. Nikangoja aanguke, hakuanguka. Nikangoja mtu aje amwibie ngazi, hakuna aliyekuja. Mvua ikanyesha, paa likavuja, wakatuonyesha ndoo ikijaa mpaka nikataka kuamka niimwage.

Nikauliza, "Stering ni nani hapa?"

"Shosho, ni huyo mzee."

"Na adui?"

"Adui ni wakati."

Nikamwangalia huyo mtoto vizuri nione kama amekula.

Ya pili ilikuwa na rangi, na stering alikuwa kijana mtanashati, mabega kama kabati. Nikajua hii sasa ni yangu. Kabla chai yangu ipoe, kijana akafa. Hakupigwa risasi, hakuanguka kwa mwamba. Aliumwa tu akafa, na sinema ikaendelea bila yeye kama kwamba ni kitu ya kawaida.

Mimi tangu niwe msichana najua stering hafi. Hata akitupwa baharini na gunia, anatoka. Nilikasirika nikakunja blanketi. Lakini wakuu, nililala hiyo siku nikifikiria mama ya yule kijana, vile alikuwa anaendelea kumwekea sahani. Asubuhi nikampigia Wairimu simu nikamuuliza kama huyo mama alikuja kuacha.

"Unaona," akaniambia.

"Sijaona kitu. Nimeuliza tu."

Shida yangu kubwa ilikuwa subtitles, yale maandishi ya chini. Sinema zote za huyu mtoto ni za lugha za mbali, na maandishi ni ya Kizungu. Yanakimbia. Mimi bado niko kwa neno la kwanza, huko juu watu wameshaoana.

Nikamwambia, "Kinoo watu wengi ni kama mimi. Weka mtu wa kueleza."

Hapo niseme kidogo kwa vijana. Zamani kabla niolewe, baba ya Njoroge alinipeleka town kuona sinema ya Kihindi. Ukumbi umejaa, hakuna anayejua neno moja, na tulilia wote, kwa sababu kulikuwa na jamaa nyuma anaeleza kwa sauti. "Huyo ndiye kaka yake, lakini hajui." Baadaye zikaja kumbi za video hapa Kinoo, kila moja na mwelezaji wake na maiki, anachekesha kuliko sinema. Kwangu sinema bila mtu wa kuongea juu yake ni chapati bila mchuzi.

Wairimu akasema hapana. Akasema mwenye kutengeneza filamu aliweka kimya pale kwa kusudi, na ukiongea juu yake ni kama kuchora sharubu kwa picha ya mtu.

Nikamwachia. Ni sinema yake.

Siku ikafika. Ukumbi ni ule wa kanisa kando ya Waiyaki Way. Projekta aliazima, pazia la ukutani lilikuwa shuka za yule mama wa Muthangari, zimepigwa pasi hakuna hata kunyanzi. Kuingia ni bure. Watu wakajaa. Kwaya nzima, mama mboga, jamaa wa boda boda, na Mama Kariuki jirani yangu amekuja na mto wake wa kukalia.

Njoroge akasimama mlangoni mikono kifuani. Alikuja kuona nani atatoka.

Filamu ikaanza. Hiyo sikuwa nimeiona. Nchi ya baridi, theluji, mwanamke anamenya viazi.

Anamenya.

Bado anamenya.

Mama Kariuki akasema, si kwa sauti ya chini, "Hii viazi si tumeacha nyumbani."

Watu wakacheka. Halafu wakaanza kuangalia simu. Halafu jamaa mmoja wa boda akainama akatoka kama mtu wa kwenda haja. Wawili wakamfuata. Mama mmoja wa kwaya akasema ameacha githeri jikoni.

Nikageuka nikamwona Wairimu kando ya projekta. Amesimama vile alikuwa anasimama kule kaunta.

Wakuu, sikupanga. Maiki ya pasta ilikuwa pale kwa meza. Nikaamka, nikaiwasha.

"Nyinyi mnaotoka," nikasema, "huyu mama hamenyi viazi. Huyu mama anangoja. Mwangalieni mkono, kila kiazi anaangalia dirisha."

Ukumbi ukageuka.

"Na huyu anayeingia sasa ni mwenye duka. Mimi simwamini. Mwangalieni macho, hayo ni macho ya kupunja kwa mizani."

Wakacheka. Yule wa githeri akarudi akakaa, ati dakika moja tu.

Wairimu akaja mbio ameinama. "Shosho, kaa chini. Hii filamu ilishinda tuzo."

"Tuzo itakaa na nani hapa, viti vikiwa vitupu?"

"Na hata hujui wanasema nini."

"Basi nisomee."

Alinitazama. Nyuma yake Njoroge alikuwa amemfungulia mlango mtu mwingine wa kutoka, kwa heshima kabisa, kama mlinzi wa benki. Nadhani hiyo ndiyo ilimaliza maneno. Wairimu akavuta kiti akakaa karibu na sikio langu, akaanza kunisomea yale maandishi pole pole kwa Kiswahili, na mimi nikawa nayatoa kwa maiki.

Kumbe huyo mama ana kijana mmoja, ameenda kazi ya meli. Kijiji kizima kina simu moja, iko kwa lile duka. Kila jioni mama anaenda, anakaa karibu na simu, anarudi.

Mara kwa mara nilikuwa naongeza kidogo. Mwenye duka akisema "Leo kuna baridi," mimi nasema, "Leo kuna baridi, mama, na wewe unanichafulia sakafu na hiyo viatu." Wairimu ananifinya. Ana vidole vya hardware, huyo mtoto.

Halafu nikaaibika. Yule mwenye duka akamletea mama kiti. Akamwekea chai. Kumbe alikuwa anaacha duka wazi jioni kwa ajili yake tu.

Nikawaambia watu, "Nimemkosea. Ni mtu mzuri. Ni macho tu alipewa vibaya."

Ukumbi ulipasuka. Jamaa wa boda walikuwa wamerudi, wamesimama ukutani na helmeti zao. Mlango ulikuwa umefungwa na Njoroge alikuwa ameuegemea.

Sasa mnisikilize hapa, ndio sababu ya huu uzi.

Siku moja mama yuko nyumbani, mikono imejaa unga. Mwenye duka anakuja akikimbia kwa theluji, anaanguka, anaamka. Hasemi kitu. Anaonyesha kidole tu nyuma, kwa duka.

Mama hakukimbia. Aliosha mikono. Akavua aproni. Akasimama mbele ya kioo akafunga kitambaa upya, akajipangusa unga kwa shavu, akajiangalia pembeni hivi na hivi, kama mtu anayeenda kuonekana. Kwa simu. Simu haina macho.

Nikageuza sikio kwa Wairimu anisomee. Hakukuwa na kitu cha kusoma.

Nikafungua mdomo niongeze ya kwangu. Wakuu, mimi naweza kuongea msibani, harusini, hospitalini kwa foleni. Sikupata neno. Niliteremsha maiki nikaiweka mapajani.

Mama akafika dukani. Akachukua simu. Akasikiliza. Sisi hatusikii upande ule mwingine, ni uso wake tu, mkubwa shuka nzima. Akatikisa kichwa, ndio. Akatikisa tena. Macho yamejaa lakini hayamwagiki.

Hapo ndani kila mama ana mtu mbali. Wa Mama Kariuki yuko Qatar. Wa mwimbaji wetu yuko Amerika na amekaa sana bila kupiga.

Mama Kariuki akaninong'oneza, "Wairimu, ni kijana wake, ama ni watu wanampa habari yake?"

"Sijui," nikamwambia.

Na filamu ikaisha papo hapo. Mama ameshika simu, shuka ikawa nyeusi.

Taa zikawashwa na hakuna aliyesimama. Halafu ikawa soko.

"Ni yeye. Ingekuwa msiba angekaa chini."

"Kijana gani anapiga simu mama yake asiongee hata neno moja?"

"Wewe ukipigiwa na mtu ulishamlilia, utaongea nini?"

Jamaa wa boda waligawanyika katikati. Abiria walikuwa wanapiga honi ya pikipiki huko nje wenyewe.

Njoroge akatoka mlangoni akaja mpaka mbele, akasimama mbele ya binti yake. Amevaa koti lake la duka.

"Huyo mama aliongea na nani?"

"Baba, imeishia hapo."

"Najua imeishia hapo. Nauliza aliongea na nani."

"Wewe unaonaje?"

Njoroge akaangalia ile shuka nyeupe. Akasema, "Ni kijana wake," kwa sauti ya mtu anayekataa kubishana. Kisha akaanza kukunja viti. Alivikunja vingi kabla ya kusema tena, na hakugeuka.

"Jumatatu nitatafuta mtu wa kaunta."

Wairimu alienda nje kidogo. Nikamwacha. Kuna kulia kwingine hakutaki shosho.

Sinema iko kila Jumamosi sasa. Tumepatana: mahali pana maneno, yeye ananisomea na mimi natangaza. Mahali mwenye filamu aliweka kimya, ananigusa goti na mimi naweka maiki chini. Sinema zingine ananigusa goti mpaka linauma.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wa Kinoo hawakukimbia filamu nzuri. Walikimbia kuachwa nje ya mazungumzo. Ukishamwingiza mtu ndani, unaweza kunyamaza naye na asiondoke.

Na mtoto akikuambia adui ni wakati, usimwangalie kama ana njaa. Lile paa la yule mzee bado nalifikiria.

Sasa nyinyi semeni. Mama anayejipanga hivyo kabla ya kushika simu, alikuwa anajua ni nani? Mimi nina jibu langu na Wairimu ana lake, na tumenuniana kwa hiyo karibu wiki nzima. Andikeni pole pole tafadhali, nasoma moja moja.