Kamba Yenye Mafundo Sita

Jumamosi moja adhuhuri, nikiwa nakuna nazi uani, walinijia wanawake wawili wakihema, kanga zimewadondoka mabegani, kuniambia kwamba kaka yangu yuko makaburini na jembe, anafukua kaburi la mama.

Nilicheka. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikazitazama nyuso zao, nikaiacha mbuzi ya kukunia na nazi yake pale pale, nikatoka mbio bila viatu.

Kwetu wanawake hatwendi makaburini, ila siku ile nani alikuwa na habari. Nilipofika, wanaume walikuwa wameshamkamata. Wamemfunga mikono nyuma, mdomo unavuja damu, na jirani yetu mmoja, mtu aliyekuwa akila kwetu kila Ijumaa, amemkanyaga shingoni. Wengine wanapiga kelele kwamba ni mchawi, amekuja kuiba maiti. Kaburi lilikuwa limeguswa juu juu tu, mchanga umesogezwa upande mmoja kwa uangalifu. Kaka hakuwa akilia. Alinitazama akingoja nimtetee, nami sikumtetea hata kwa neno moja.

Ngoja nikueleze alikuwa mtu gani. Sisi ni watu wa Mwabungo, kijiji cha pwani huku Kwale, na miaka ninayoisimulia ni ile ya mwanzo ya Uhuru, bendera ya shuleni ingali mpya haijachujuka. Mama alizaa wawili, kaka ndiye mkubwa na mimi wa pili. Yeye alizaliwa na akili nzito. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na maneno yalipomjia yalikuwa machache. Watu walimwita zuzu. Wenye adabu walimwita mja wa Mungu, na baada ya kumwita hivyo wakaona wamemaliza wajibu wao kwake. Lakini kazi aliijua. Mama alikuwa akisokota kamba za makumbi ya nazi na kuziuza, na kaka ndiye aliyekuwa nguvu zake, yeye wa kubeba, yeye wa kuyafua makumbi kwa rungu mpaka yabaki nyuzi. Toka utoto mpaka akatimiza miaka thelathini na kitu, sikupata kumwona siku nzima mbali na mama.

Mama alikufa kwa homa ya siku tatu. Kaka alikwenda mazikoni pamoja na wanaume, na waliporudi walisimulia jinsi alivyofukia mchanga kwa bidii hata ikabidi apokonywe jembe. Alirudi nyumbani, akala, akalala. Hakudondosha chozi. Watu walioingia matangani walinipa mkono mimi, wakampa mkono mjomba, kaka wakampita, naye amekaa katikati yetu. Bibi mmoja akasema, "Afadhali yeye, hajui kitu." Nami, nikwambie kweli, nilimwonea wivu kwa huko kutojua kwake.

Ikapita karibu nusu mwaka, ndipo ikaja Jumamosi ile ya jembe.

Mjomba, ndugu wa mama, ndiye aliyekuwa na sauti kwetu. Hakutaka damu imwagike, kwa hivyo alikwenda kwa chifu, wakakubaliana. Ijumaa litakuja gari, kaka atapelekwa Kwale, na kutoka Kwale apelekwe bara, kwenye hospitali ya wenda wazimu. "Labda umpate mtu wa dawa wa kuniambia huyu ana ugonjwa wa kutibika hapa hapa," mjomba aliniambia. "Ukimpata, mlete. Usipompata, mwanangu, mimi sina nguvu ya kuwazuia watu hawa." Mimi sikuwa nimemwona hata mmoja aliyepelekwa bara akarudi. Nilikuwa na siku sita, na kaka mwenyewe amelala ameelekea ukutani, hali, hasemi, kiganja kimoja amekikunja hakikunjuki.

Jumatatu nilianza na hospitali. Ipi, sitasema, na huyo aliyekuwa daktari siku ile huenda keshakufa. Tulifika asubuhi, tukaitwa mchana. Daktari alimtazama kaka kutoka upande wa pili wa meza.

"Alizaliwa hivi?"

"Ndiyo, bwana. Lakini alikuwa akila, akicheka, akifanya kazi. Sasa hali. Hasemi. Amebadilika."

"Kama alizaliwa hivi, huo si ugonjwa. Ndivyo alivyo."

"Bwana, nakwambia hakuwa hivi mwezi uliopita."

"Mama, watu wa namna hii hawana dawa." Akamwita mwingine. Kile kidonda mdomoni hakuna aliyekipangusa hata kwa pamba. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, najiuliza kama nimesikia sawa.

Jumanne nikampeleka Bongwe kwa mganga wa pepo, maana nilikuwa tayari kwa lolote. Mganga alifukiza ubani, akasikiliza, akamzunguka kaka mara mbili, akarudi kitini pake. "Huyu sina la kumfanyia," akasema. "Pepo humpanda mwenye akili yake timamu. Kwa huyu atakaa wapi?"

Niliduwaa kuliko nilivyoduwaa hospitali. Kumbe hata mashetani yanachagua! Njiani nilishikwa na kicheko nikashindwa kujizuia, kaka ananitazama, kisha kicheko kikageuka kilio na hapo pia nikashindwa kujizuia. Watu wawili wale, daktari na mganga, wasingeliamkiana wakikutana njiani. Lakini walilonijibu lilikuwa jibu moja: mtu aliyezaliwa na akili nzito hawezi kuugua akili.

Aliyetufaa nilimpata kwa kuambiwa na muuza samaki. Alikuwa mzee mmoja, mtu wa Majoreni aliyehamia Msambweni, aliyekuwa zamani dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali. Kazi alikuwa ameshastaafu, lakini watu bado walimwendea. Tulifika kwake Jumatano.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Kisha akamgeukia kaka. "Na wewe bwana, hujambo?"

Kaka kimya. Mimi, kwa mazoea, nikafungua kinywa nimjibie, kwani maisha yote nilikuwa nikimjibia. Mzee akaninyooshea kidole. "Nimemuuliza yeye."

Akangoja. Sijapata kumwona mtu akingoja namna ile. Kuku walipita, mkewe akatuletea maji, yeye anamtazama kaka tu, uso mkunjufu, hana haraka na dunia. Mwisho kaka akasema, "Sijambo." Neno lake la kwanza tangu Jumamosi. Nilishika mkeka kwa mikono miwili.

Mzee akamsafisha mdomo kwanza, taratibu, akimweleza kila anachokifanya kabla hajakifanya. Halafu akauliza, "Na mkononi umeshika nini, bwana?" Akangoja tena. Kaka akakikunjua kiganja. Kilikuwa na kipande cha kamba ya makumbi, kimelowa jasho, na juu yake mafundo. Mzee akayahesabu kwa sauti, yakawa sita.

"Mafundo haya ya nini?"

"Ya mama."

Mzee hakuelewa. Mimi nilielewa.

Makumbi ya nazi hayasokotwi mabichi. Hufukiwa pwani mchangani, mahali maji yanapofika, yaoze, yalainike, ndipo yafukuliwe na kufuliwa. Mama alikuwa na hesabu yake. Siku ya kufukia alining'iniza kamba mlangoni, na kila mwezi unapoandama akafunga fundo. Mafundo yakitimia sita humwambia kaka, "Haya, yameiva, twende tukayatoe." Wakaenda, na kila mara waliyakuta. Miaka ishirini na zaidi hajapata kumwona mama akifukia kitu mchangani kisha asikifukue.

"Mama ameiva," kaka akasema. "Nimekwenda kumtoa. Wamenipiga."

Nilikuwa nimekiona kile kipande cha kamba kimening'inia juu ya kitanda chake tangu matanga. Nilikuwa nimemwona, mwezi ukiandama, akikishusha na kukifunga fundo, nikadhani anajichezea. Hata nilimtania siku moja, nikamuuliza anamtega nani. Kwa hivyo hakulia kwa sababu alikuwa hana cha kulilia. Alikuwa akingoja. Na siku aliyoingoja miezi sita, alipokwenda na jembe kumleta mama nyumbani, sisi tulimkanyaga shingo.

Nilimsimulia mzee yote hayo. Akaniuliza, "Ungekuwa wewe ndiye umelala siku tano huli, watu wangesema una nini?"

"Wangesema nimefiwa. Nina huzuni."

"Basi na yeye ndiyo inayomuumiza, na kipigo juu yake. Huzuni ni ugonjwa wake sawa na wako. Hiyo akili nzito ni jambo jingine, iache mahali pake." Akasema nimpe uji kidogo kidogo, asilale peke yake, na kila Jumatano nimlete, watazungumza. "Lakini kwanza aambiwe. Na wa kumwambia ni wewe."

"Hataelewa, baba."

"Umepata kumwambia?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi hujui."

Kesho yake alipanda baiskeli mpaka Mwabungo, jua kali, akakaa na mjomba, kisha wakaenda wote kwa chifu. Sikuwapo kwenye mazungumzo yao. Ijumaa gari lilikuja, likaondoka tupu, na yule jirani wa shingoni akaanza kunipitia mbali. Sikumwita tena kula.

Nilimwambia kaka alasiri ya Ijumaa hiyo hiyo, tumekaa barazani.

"Kaka, mama hatoki."

Akafikiri. "Mafundo mangapi?"

"Hakuna mafundo. Makumbi hutoka. Mtu akifa hatoki, hata tungoje vipi. Hukukosea kitu, wewe ulihesabu sawasawa. Sisi ndio tuliokosa, hatukukwambia."

"Hatoki?"

"Hatoki, kaka."

Aliangalia mikono yake muda mrefu. Kisha akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha mtu mzima, mabega yanatikisika, sauti haitoki. Nikamwekea mkono begani. Nilijisikia nimepona. Ndiyo, katikati ya msiba ule nilijisikia mwepesi, nikajisifu moyoni kwamba nimelifanya jambo gumu na limekwisha.

Akajifuta uso, akanigeukia.

"Na baba?"

Baba yetu alifia Pemba, kaka akiwa na miaka kumi hivi. Watu wazima walimwambia baba amesafiri. Nilipokua nami nikamwambia hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo nilivyokuta akiambiwa. Kila Idi aliuliza kama baba atawahi kufika, na kila Idi tulimjibu labda Idi ijayo, huku tukimpakulia pilau.

Nikamwambia na hilo.

Akautoa mkono wangu begani mwake, akasogea mpaka mwisho wa baraza, akakaa kule peke yake, amenipa mgongo. Sikumfuata.