Nilipandisha Trekta kwenye Tela ya Pamba, Rika Yangu Akabeba Lawama

Nimekosa mimi. Siyo tela, siyo barabara, siyo fundi. Mimi! Nimeandika hii habari mara nyingi nikaifuta. Leo sifuti. Nisikilize mpaka mwisho ndiyo unitukane, maana nimestahili.

Natokea Mugeta, Bunda. Shule niliishia njiani, lakini trekta naijua, nimejifunza mwenyewe kwa kushika spana na kuangalia video kwenye simu. Mdomo ninao, na hasira ninazo. Ukimgusa mtu wangu umenigusa mimi. Nilishapigana mnadani, mtu kamcheka tu rafiki yangu viatu!

Kaka yangu Wambura ndiye mwenye trekta. (Majina yote hapa nimebadilisha.) Tunalimaga mashamba ya watu, pamba huku kwetu, mahindi na mihogo Butiama, mpaka Suguti kule ziwani. Sasa trekta ukiitembeza kwenye lami umbali wote huo, matairi yanaisha na siku inaisha hujalima kitu. Tukakubaliana tutafute tela ya kuibeba, tuivute na landikruza la kaka.

Bunda mjini kulikuwa na tela imetumika, ekseli mbili, ina breki zake. Imepauka, lakini nzima. Kaka akaizunguka, akaipiga teke, akaipenda.

Mimi nikakataa. Kisa? Magesa ana gereji ya kuchomelea Mukendo, pale Musoma mjini, na Magesa ni rika yangu. Tulitahiriwa siku moja. Kama hujui mambo ya kwetu, mtu mliyekatwa naye siku moja ni zaidi ya ndugu. Humnyimi chakula, humkagui kazi yake, na humwaibishi mbele za watu. Hata akikosea, mnamalizana wenyewe.

Na Magesa alikuwa ametoa tela mpya. Ya bluu, inang'aa hiyo! Ekseli moja.

"Ekseli moja haibebi trekta, mdogo wangu," kaka akasema.

"Kwa hiyo Magesa hajui kazi?"

"Magesa sijamtaja. Nimesema ekseli."

"Umemtukana rika yangu! Kama humwamini yeye hata mimi huniamini. Shika funguo, endesha mwenyewe!"

Kaka akacheka. "Wewe ukioa, huyo mwanamke atakoma. Haya, kachukue hiyo bluu yako."

Hapo ningeishia mtu mbishi tu. Ubishi siyo dhambi kubwa. Dhambi yenyewe nilienda kuifanyia Mukendo, na ndiyo sijawahi kuisema.

Nilimkuta Magesa anachomelea geti. Akavua miwani, tukasalimiana, tukataniana kidogo. Akauliza, "Hiyo tela unaenda kubebea nini?"

"Trekta."

Akaacha kucheka. "Hapana, rika. Hiyo nimeichomelea kwa pamba na matofali. Niachie, niweke ekseli ya pili na breki, halafu ndiyo ubebe hilo dude."

Nikamfikiria kaka. Nirudi Mugeta mikono mitupu, niseme fundi mwenyewe amesema maneno yako? Nyumba nzima ingenicheka! Nikaona bora uongo.

"Basi naanza na pamba. Tukimaliza kusomba naileta uongeze hiyo ekseli."

"Kweli?"

"Kweli."

"Apa."

Nikaapa kwa jando letu. Jamani! Kwa siku ile tuliyosimama uchi yeye na mimi, baridi inatupiga, hakuna aliyelia. Nikaapa kwa hiyo, nikijua nadanganya. Akanifungia tela kwenye gari kwa mkono wake.

Asubuhi tulipopandisha trekta, matairi ya tela yalibonyea kama maandazi. Sehemu ya nyuma ya trekta ndiyo nzito, na ilikaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo tela ikawa inainua mkia wa gari. Kaka akainama kuangalia.

"Mbona inainua gari?"

"Springi mpya hizo, zitakaa."

Akaniangalia. Akachukua pikipiki yake, akasema atanifuata nyuma aangalie cheni tulizofungia trekta zisilegee. Hivyo ndivyo alivyo. Hakuamini ile tela, lakini mimi hakuniacha.

Kwenye tambarare tulienda vizuri, mpaka nikaanza kuimba. Mteremko mmoja kabla ya kuingia Butiama, tela ikaanza kuyumba. Kwenye kioo naona bluu kushoto, bluu kulia, bluu kushoto! Nikakanyaga breki. Kosa! Tela haina breki, trekta yote ikaja kunisukuma mgongoni. Usukani ukawa mwepesi kama wa gari la mtoto la kuchezea.

Nikasikia paa! Halafu tairi ikanipita. Haki ya Mungu, tairi ya tela ilinipita inakimbia peke yake barabarani, mimi niko ndani ya gari naiangalia.

Niliposimama trekta ilikuwa imelala ubavu, inavuja mafuta. Kaka simuoni. Nikaita "Kaka! Kaka!" mpaka sauti ikakatika. Alikuwa korongoni. Alikuwa ameikwepa trekta, pikipiki ikamlalia mguu. Mguu ulikuwa umeangalia upande ambao mguu hauangalii.

Alipona. Namshukuru Mungu. Lakini subiri.

Baba mdogo na vijana wa nyumbani wakapanda gari mpaka Mukendo, na mimi nikiwemo. Wakasimama mbele ya gereji, wateja wapo, majirani wapo. Baba mdogo akafoka, "Fundi gani wewe? Ulitaka kutuulia mtoto!"

Magesa hakumwangalia baba mdogo. Aliniangalia mimi. Akangoja. Alikuwa ananipa nafasi niseme.

Nikaangalia viatu vyangu.

"Nimesikia, baba," akasema. "Poleni sana."

Basi! Neno moja tu lingemsafisha, hakulisema, kwa sababu rika haaibishwi mbele za watu. Ile desturi niliyokuwa naipigia kelele, yeye ndiye aliyeitimiza. Na mimi ninayepigania watu mnadani, siku hiyo mdomo ulikuwa wapi?

Wateja wakamkimbia. Akafunga gereji, akaenda Suguti kuunga plau na mikokoteni chini ya kibanda cha bati.

Na kaka, kila nikimpelekea chakula, wimbo wake mmoja. "Nikitoka kwenye magongo haya, safari ya kwanza ni kwa huyo rika yako. Nitamvunja na yeye." Kaka yangu hatanii. Siku walipomtoa plasta nikaona sasa damu itamwagika, na isiyohusika.

Nikamwambia yote. Ugali ukapoa.

"Alikwambia kwa mdomo wake haibebi?"

"Aliniambia."

"Na ukamwapia?"

"Nilimwapia."

Gongo likaja likanipata bega. Sikulikwepa. Halafu akasema, "Niokotee hilo gongo. Twende Suguti."

Magesa alipotuona akaweka nyundo chini, akasimama mikono wazi. Kaka akajikongoja mpaka karibu yake. "Nilikuwa nakuja kukuvunja mguu," akamwambia. "Kumbe wa kuvunjwa nakula naye ugali." Akamwomba radhi, mtu mzima na magongo yake. Akamwambia kwamba baba mdogo ataenda mwenyewe Mukendo, asimame palepale alipofokea, aseme ukweli. Wakacheka wote wawili, cheko la kuchoka. Kaka akamwomba achomelee tela nyingine, ekseli mbili.

Mimi nikasema, "Rika, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. Akanipa mkono. Halafu kwa upole kabisa, kama anavyomwambiaga mtu yeyote wa njiani, "Karibu tena, mteja."

Mteja! Bora angenipiga.

Wewe unayetafuta tela ya kubeba trekta, hesabu ekseli, kagua breki, uzito usilale nyuma. Na fundi akisema haibebi, haibebi, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Usimtetee mtu wako kwa kelele halafu siku anakuhitaji uangalie viatu.

Tela mpya imeisha juzi. Imebeba trekta mpaka Butiama bila kuyumba. Magesa alikuja kuikabidhi, akamshika kaka mkono, akamwita rika.