Dizeli ya Makaburini

Mwishehe wa Gwata alipenda vitu viwili: mashine yake ya kusaga na mkewe Zuleha. Mke alitangulia. Mwishehe alimlaza mwenyewe katika makaburi ya ukoo, pembeni mwa shamba lao, akachomeka vijiti viwili vya mbono, kimoja kichwani na kimoja miguuni, kama tufanyavyo wote huku. Mbono hauliwi na mbuzi, na kijiti chake kinashika mizizi na kuwa mti bila kubembelezwa. Saruji ni mambo ya watu wa mjini. Kwetu tuta likishadidimia, ni mibono inayoonyesha nani yuko wapi. Kila akienda kupalilia pale alimwambia mwanawe Hamidu kwamba akifa awekwe ubavuni kwa mama yake, na Hamidu aliitikia.

Kisha akaja Gregori, mtafiti wa injini, kijana mpole mwenye shikamoo nyingi. Alitaka injini kuukuu ya dizeli aijaribu kwa mafuta ya mbono na kuupima moshi wake. Akaichagua ile inayoendesha mashine ya Mwishehe. Sisemi uongo, mwanzoni ilikuwa raha. Kipimo kilichomekwa kwenye ekzosi, na ule moshi uliokuwa ukitia masizi kanga za wake zetu ukawa mwepesi. Watu walipanda bodaboda kutoka Mlandizi kuja kutazama. Mwishehe akavimba kichwa. Ukimwamkia anakujibu habari za joto la silinda, tena anasema "sisi watafiti," naye hata kuandika jina lake ni kwa taabu.

Mbegu zilipokamuliwa, zilizotoa mafuta mengi zaidi zilikuwa za makaburini. Gregori akataka shamba la majaribio palepale, lipandwe vipande vya miti ile. Lakini mikubwa ingebidi iondoke, maana miti ya umri tofauti ingevuruga matokeo. Hakuiba, aliomba. Nilikuwepo.

"Mzee wangu, pale wamelala watu," alisema. "Ukikataa tutatafuta kwingine."

Mwishehe akacheka. "Zuleha nilimlaza kwa mikono yangu. Nitapotea njia ya kwa mke wangu? Ng'oeni."

Nilimwambia awaulize wenye ukoo wengine. Akanijibu kwamba watu kama mimi ndio wanaolirudisha taifa nyuma. Nilimkasirikia siku ile, na kufa kwake hakujaniondolea hasira.

Waliikata mibono matawi, wakang'oa visiki, trekta likapita na kusawazisha. Masika yakanyesha na kila kipande kikashika. Siku Mwishehe alipoingia kumwombea dua mkewe, alikuta mibono mitupu, ya kimo kimoja, imejipanga mistari. Alizunguka humo mpaka akatokea upande wa pili. Akasema kaburi liko karibu na kichuguu, lakini kichuguu trekta lilikuwa limekilaza. Akamwonyesha Hamidu mahali, na mara ya pili akamwonyesha pengine. Hamidu alimfuata kwa heshima. Mimi nilicheka, na mzee alinisikia.

Injini nayo haikukawia. Nozo za kupulizia mafuta ziliziba, ringi za pistoni zikaganda, moshi ukarudi mzito kuliko wa dizeli, halafu mashine ikakwama kabisa. Gregori hakusikitika sana. Alieleza kwamba mafuta mabichi ya mbono ni mazito, hayaungui yote na yanaacha utomvu ndani, hivyo lazima yasafishwe kwanza kiwandani. Matokeo mabaya nayo ni matokeo, alisema, huku akifungasha vipimo vyake. Alikuwa anakwenda kutafiti magari ya gesi.

Mwishehe hakumuuliza habari za mashine yake. Alimuuliza kama kile chombo kinachojua yanayoungua ndani ya injini kinaweza pia kujua aliyelala ndani ya ardhi. Gregori akainamisha uso, akasema hakiwezi.

Baada ya hapo Mwishehe hakusaga tena. Akawa anashinda kwenye mibono ile akipiga hatua na kurudi, mpaka akaugua. Kitandani alimwapisha Hamidu: ubavuni kwa Zuleha, mahali alipomwonyesha mwisho.

Alipofariki, Bilali, mchimba makaburi wetu, alikwenda na vijana, nasi nyuma yao, akachimba hapohapo. Jembe likagusa mbao zilizooza, na chini yake mifupa. Alisimamisha kazi, akatuma mtu kumwita Hamidu aliyekuwa nyumbani na maiti. Hamidu alikuja mbio, akapiga magoti ukingoni, akachungulia.

"Ni mama?" akauliza.

Tulikuwa wanaume wengi pale, na wengi wetu tulimzika Zuleha. Bilali alikuwa ameanza kurudishia udongo taratibu kwa mikono.

"Ni mtu, Hamidu," akasema. "Mengine sijui."

Mwishehe tukamzika kando ya barabara, palipokuwa na nafasi.